Zohran Mamdani: Mzaliwa wa Kampala aliyeapa kwa Qur'ani kuliongoza jiji la New York

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Singida

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, katika baraza ya msikiti wetu hapa Singida mjini, kijana mmoja anayeendesha bodaboda alinionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa picha ya mwanamume mwenye ndevu, amevaa koti na tai, mkono wake mmoja ukiwa juu ya Msahafu na mwingine ameuinua. Mkewe ndiye aliyeushika Msahafu huo. "Ustaadhi," aliniuliza, "huyu kweli ni Meya wa New York? Na ni kweli kwamba hakuificha dini yake?"

Swali la pili ndilo lililonigusa zaidi. Namfahamu kijana huyu tangu akiwa mwanafunzi wa madrasa. Alipomaliza masomo na kuanza kuandika barua za kuomba kazi, jamaa yake mmoja, kwa nia njema kabisa, alimshauri aandike herufi ya kwanza tu ya jina lake, ili dini yake isijulikane kabla hajaitwa kwenye usaili. Aliufuata ushauri huo. Hakuitwa popote, na mwishowe akachukua pikipiki ya mkataba. Sasa alitaka kujua kama ipo njia nyingine.

Nilimuahidi kwamba nitamjibu kwa maandishi, ili na wazazi wenzetu wasome. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Kutoka Kampala

Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala, Uganda, tarehe 18 Oktoba 1991. Jina la Kwame alipewa na baba yake kwa kumuenzi Kwame Nkrumah wa Ghana. Baba huyo, Profesa Mahmood Mamdani, si mgeni kwa wasomi wa Tanzania. Alizaliwa Bombay mwaka 1946, akalelewa Kampala, na mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa maelfu ya watu wenye asili ya Asia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin kwa muda wa siku 90 tu. Alikwenda Uingereza akiwa mkimbizi. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akakaa hapo katika miaka ya 1970, wakati mjadala wa Ujamaa ulipokuwa umepamba moto chuoni na mitaani. Baadaye alirejea Uganda na kufundisha Makerere.

Mama yake, Mira Nair, ni mwongozaji wa filamu mzaliwa wa India. Alikutana na Mahmood Mamdani alipokuwa akitafiti habari za Wahindi waliofukuzwa Uganda kwa ajili ya filamu yake ya Mississippi Masala. Familia ya baba ni ya Kiislamu, katika jamii ya Makhoja Shia Ithnaasheri. Mama alizaliwa katika familia ya Kihindu. Zohran amekua akijitambulisha kuwa Mwislamu.

Alipofika umri wa miaka mitano, familia ilihamia Cape Town, Afrika Kusini. Miaka miwili baadaye ikahamia New York, ambako baba yake alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia. Zohran alikuwa bado hajatimiza miaka kumi Septemba 11, 2001, siku majengo pacha ya jiji hilo yaliposhambuliwa. Tangu siku hiyo Waislamu wa New York waliishi chini ya macho ya polisi, na misikiti ikapelelezwa. Mtoto wa Kiislamu akajifunza mapema kwamba jina lake linaweza kumtangulia mlangoni na kumfungia. Mwaka 2004 baba yake alichapisha kitabu juu ya jambo hilo hilo: namna wakubwa wa dunia wanavyowagawa Waislamu kuwa wema na wabaya kulingana na maslahi ya siasa zao.

Zohran alisoma shule ya sekondari ya sayansi ya Bronx, kisha Chuo cha Bowdoin katika jimbo la Maine, akahitimu mwaka 2014 katika taaluma za Afrika na watu wenye asili yake. Baada ya hapo hakuwa na njia moja iliyonyooka. Kwa muda alijaribu muziki wa kufokafoka mjini Kampala. Kisha akapata kazi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyomfanya kuwa mwanasiasa: kuzishauri familia za kipato cha chini katika eneo la Queens, zilizokuwa hatarini kunyang'anywa nyumba zao na mabenki. Kila siku alikaa mezani na watu wenye barua za madeni mikononi. Mwaka 2018 alipata uraia wa Marekani, na mwaka 2020 alichaguliwa kuingia katika Bunge la Jimbo la New York kuwakilisha eneo la Astoria. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Deni la madereva wa teksi

Wasomaji wetu wanaijua pikipiki ya mkataba. Kijana anapewa chombo, analeta hesabu kila siku kwa muda waliokubaliana, na mwisho wa mkataba chombo kinakuwa chake. Ikiwa kimeharibika katikati, au biashara imelala, hesabu hailali. Basi na auzidishe mzigo huo mara elfu, ndipo atakapoelewa kilichowapata madereva wa teksi za manjano wa New York.

Ili kumiliki teksi katika jiji hilo lazima uwe na kibali maalumu, ambacho ni kipande cha bati kinachofungwa juu ya boneti. Kwa miaka mingi madereva, wengi wao wahamiaji na wengi wao Waislamu kutoka Bangladesh, Pakistan na Afrika Magharibi, waliambiwa kwamba kibali hicho ni mali isiyoshuka thamani. Kufikia mwaka 2014 bei yake ilikuwa imepita dola milioni 1. Wakakopeshwa, tena kwa riba. Kisha zikaja teksi za kuitwa kwa simu, bei ya kibali ikaporomoka, na deni likabaki pale pale. Mwaka 2018 baadhi ya madereva walijitoa uhai kwa kukata tamaa.

Mwezi Oktoba 2021 madereva hao walianza mgomo wa kula nje ya ofisi za jiji. Mheshimiwa Mamdani, wakati huo mbunge wa mwaka wa kwanza, hakwenda kuwahutubia na kuondoka. Aligoma kula pamoja nao kwa siku 15. Mgomo ulipokwisha, makubaliano yalikuwa yamepatikana: deni lililobaki kulipwa na dereva lilishushwa hadi dola 170,000 kwa kibali, marejesho ya mwezi yakawekewa ukomo wa dola 1,122, na jiji likakubali kuwa mdhamini. Si msamaha kamili, na riba ni riba. Lakini mzee aliyekuwa akisubiri kufa na deni la zaidi ya nusu milioni alipata pumzi.

Nimelitaja tukio hili kwa urefu kwa sababu lilitokea miaka minne kabla ya uchaguzi wa umeya. Waliokuja kugonga milango kwa niaba yake walikuwemo madereva hao na watoto wao.

Mlango kwa mlango

Alipotangaza nia ya kugombea umeya mwezi Oktoba 2024, watu wachache walimjua. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kulikuwa na kura ya maoni iliyompa asilimia 1. Mpinzani wake mkubwa ndani ya Chama cha Democratic, Andrew Cuomo, alikuwa amewahi kuwa gavana wa jimbo zima, na baba yake pia alikuwa gavana kabla yake. Matajiri walichangia zaidi ya dola milioni 20 kumsaidia Cuomo katika mchujo peke yake.

Mamdani alianza kwa kusikiliza. Baada ya uchaguzi wa rais wa Novemba 2024, alisimama kando ya barabara katika mitaa ya Bronx na Queens akiwa na kipaza sauti, akiwauliza wapita njia kwa nini walimpigia kura Donald Trump, au kwa nini hawakupiga kura kabisa. Hakubishana nao. Wengi walimjibu jambo moja: maisha yamepanda.

Kwa hiyo kampeni yake nzima ikajengwa juu ya gharama za maisha. Aliahidi kusimamisha upandaji wa kodi katika nyumba takribani milioni 1 ambazo kodi yake husimamiwa na jiji. Mabasi ya bure. Malezi ya bure kwa watoto wadogo hadi miaka mitano. Na maduka ya vyakula yanayomilikiwa na jiji. Gharama zake, alisema, zitokane na kodi ya nyongeza kwa makampuni makubwa na kwa wenye kipato cha zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka. Wapinzani wakamwita mkomunisti. Yeye mwenyewe anajiita mjamaa, neno ambalo huko linawatisha wengi, ila sisi tulilisoma tukiwa darasa la nne.

Moja ya video zake iliyosambaa sana ilihusu wauza wali na kuku wa halali barabarani. Aliwauliza kwa nini sahani iliyokuwa dola 8 imefika dola 10. Jibu lilikuwa kwamba kibali cha kuuza chakula, ambacho jiji hutoza dola mia chache tu, hakipatikani; muuzaji analazimika kukikodi kwa mtu wa kati kwa maelfu ya dola kila mwaka. Mama lishe yeyote wa soko letu angeielewa video ile bila mkalimani.

Michango midogo midogo ilipofikia kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria, mwezi Machi 2025, aliwaomba wafuasi wake waache kutuma fedha, watoe muda wao badala yake. Makumi ya maelfu ya watu walijitolea kugonga milango. Yeye mwenyewe, siku chache kabla ya mchujo, alitembea kwa miguu kisiwa chote cha Manhattan kutoka kaskazini hadi kusini. Tarehe 24 Juni 2025 alimshinda Cuomo. Tarehe 4 Novemba 2025, Cuomo akiwa amerudi kama mgombea binafsi, alimshinda tena, akipata zaidi ya kura milioni 1 na zaidi ya nusu ya kura zote. Watu zaidi ya milioni 2 walijitokeza, jambo ambalo halikuwa limetokea katika uchaguzi wa meya wa jiji hilo tangu mwaka 1969.

Ushauri wa mzee

Sasa nirejee kwenye swali la kijana wetu.

Tarehe 24 Oktoba 2025, siku ya Ijumaa, zikiwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya uchaguzi, Mamdani alisimama nje ya msikiti mmoja wa Bronx akiwa na viongozi wa dini. Wiki ile alikuwa ametukanwa waziwazi kwa sababu ya dini yake. Alieleza kwamba alipoanza siasa, mzee mmoja wa Kiislamu alimshauri kwa upole kuwa hana haja ya kuwaambia watu kuwa yeye ni Mwislamu. Mzee yule hakuwa mnafiki wala mwoga wa kudharauliwa. Alikuwa ameona mengi, naye alimpenda kijana. Ni ushauri ule ule aliopewa bodaboda wetu hapa Singida, maelfu ya kilomita kutoka huko.

Mamdani alikiri kwamba kwa muda alijaribu kuyapuuza matusi, akidhani ujumbe wa gharama za maisha utatosha kumsafishia njia. Siku ile alisema kwamba hilo lilikuwa kosa, na kwamba hatabadili yeye ni nani wala namna anavyokula. Maneno ya kula hayakuwa ya bure, maana alikuwa amechekwa kwa kula wali kwa mkono mbele ya kamera. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ameonekana akifuturu ndani ya treni ya chini ya ardhi, katikati ya abiria. Aliitembelea misikiti mingi, akasimama baada ya sala kuongea na waumini kuhusu kodi na nauli, mambo yale yale aliyoyazungumza makanisani na katika masinagogi. Miongoni mwa waliomuunga mkono katika mchujo alikuwemo mgombea mwenzake, Brad Lander, ambaye ni Myahudi, ingawa msimamo wa Mamdani juu ya Palestina ulijulikana na hakuulegeza ili apate kura.

Kwa hiyo, jibu kwa kijana wetu ni ndiyo, njia nyingine ipo. Lakini ayatazame mambo kwa mpangilio wake. Jina halikumpa Mamdani kura. Kilichompa kura ni kwamba kabla watu hawajalisikia jina lake, walikuwa wameshaona kazi yake.

Usiku wa kiapo

Mwaka 2026 ulipoingia, saa sita ya usiku, Mamdani aliapishwa katika kituo cha zamani cha treni kilicho chini ya ofisi za jiji, kituo kilichofunguliwa mwaka 1904 na kufungwa mwaka 1945. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo, Letitia James, ndiye aliyemwapisha. Mkewe, Rama Duwaji, msanii mwenye asili ya Syria, alishika Misahafu. Mmoja ulikuwa wa babu yake Mamdani. Mwingine ulikuwa Msahafu mdogo uliotoka katika hazina ya Arturo Schomburg, mwanahistoria mweusi aliyejikusanyia vitabu vya watu wa asili ya Afrika, na ambao sasa unahifadhiwa na maktaba ya umma ya New York.

Akawa meya wa kwanza Mwislamu wa jiji hilo, wa kwanza mwenye asili ya Asia Kusini, wa kwanza aliyezaliwa Afrika, na mwenye umri mdogo kuliko meya yeyote wa New York kwa zaidi ya miaka 100. Alikuwa na miaka 34, na jiji lenye watu zaidi ya milioni 8.

Amana na mipaka yake

Tusimpambe kuliko alivyo. Baadhi ya misimamo yake kuhusu maadili ya familia haiafikiani na mafundisho ya dini yetu, na mzazi Mwislamu hana sababu ya kulificha hilo mbele ya watoto wake. Tunaweza kuusifu uadilifu wa mtu kwa madereva bila kumfanya imamu wetu.

Pia ahadi si utekelezaji. Meya wa New York hana mamlaka ya kupandisha kodi ya mapato. Jambo hilo liko kwa bunge na gavana wa jimbo huko Albany. Mabasi huendeshwa na shirika la jimbo, si la jiji. Kusimamisha kodi za nyumba kunapitia bodi ambayo wajumbe wake huteuliwa na meya, lakini wenye nyumba nao wana hoja zao kuhusu gharama za ukarabati. Hatua moja ilionekana mapema: mwezi Januari 2026 yeye na Gavana Kathy Hochul walitangaza mpango wa kuanza kupanua malezi ya bure kwa watoto wa miaka miwili. Mengine yatahukumiwa na wakati, na yeye mwenyewe ataulizwa, hapa duniani na mbele ya Mola wake. Uongozi ni amana, na Mtume Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Sisi na vijana wetu

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Marekani. Lakini hata katika historia yetu wenyewe jambo hili si geni. Makka ilipofunguliwa katika mwaka wa 8 Hijria, na Mtume (s.a.w.) akaondoka kuelekea Hunayn, mji ule mtukufu, wenye wazee wa Kiquraishi na koo zao kubwa, aliukabidhi kwa Attab bin Asid, kijana ambaye wanahistoria wanasema alikuwa na takribani miaka ishirini. Usama bin Zayd alipewa uongozi wa jeshi lenye masahaba wakubwa akiwa na umri usiofika hata huo, na baadhi ya watu walinung'unika kwa sababu ya ujana wake. Mtume (s.a.w.) hakuubadili uamuzi.

Katika kamati yetu ya msikiti, mimi ninayelingana umri na meya wa New York ndiye mdogo kuliko wote. Huitwa "kijana" na kutumwa kuandika muhtasari. Sisemi hili kwa kulalamika, kwani wazee wetu ndio waliojenga msikiti huu kwa tofali na jasho lao. Ila nimejiuliza: wako wapi wenye miaka ishirini? Wako nje barazani, juu ya pikipiki zao, wakisubiri tutoke. Tunawakumbuka siku ya kubeba jeneza na siku ya kumwaga zege.

Mambo matatu yanawezekana bila gharama. Kwanza, kila kamati itenge nafasi angalau mbili kwa vijana wa chini ya miaka thelathini, wapewe jukumu lenye hesabu, kama vile kisima, zaka au madrasa, na wasomewe hesabu hiyo hadharani kama wanavyosomewa wazee. Pili, misikiti iwe mahali pa kuzungumza shida halisi: mikataba ya pikipiki, mikopo ya kausha damu inayowamaliza kina mama, bei za mbegu na mafuta ya alizeti. Tatu, wazazi tuache kuwafundisha watoto kuyafupisha majina yao. Kama mlango hautafunguka, basi usifunguke kwa jina kamili, na mtoto aendelee kujenga kazi yake hadi ionekane.

Jambo la kwanza nimeliwasilisha kwa mwenyekiti wetu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni kijana gani ninayemfikiria kwa hesabu za kisima. Nilimtajia jina la bodaboda wetu, jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake.

Wallahu a'lam.